Kompyuta Yangu Haifutwi

Nyarero, Tarime
6 Machi 2011

Mjukuu wangu Verdiana,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini naitikia mapema maana barua zako zinachelewa. Habari za Robanda? Sisi tupo. Goti la kushoto linauma, la kulia linajifanya zima. Yule ng'ombe mweusi amezaa dume. Mama yako Mokami ni mzima, ndiye anayeandika hapa, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na mzigo wa kuni. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, hata asilolipenda.

Babu yako Magaigwa, mkubwa wa marehemu mume wangu, tumemzika tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Salamu zako zilisomwa. Watu walijaa, nusu yao wachimbaji nisiowajua, walikula wakaondoka. Tangu dhahabu ionekane kule bondeni kila mwenye sururu ni mgeni wetu. Ni mashimo na makarasha tu sasa, zile mashine za kusaga mawe, yananguruma kutwa mpaka kuku wangu wameacha kutaga.

Sasa sikia. Matanga hayajaisha, Werema mtoto wa Magaigwa akaja akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Akasema lile shamba la mtama la kando ya mto ni la ukoo, si la nyumba yangu, kwa kuwa nyumba yangu haina mwana wa kiume. Anataka kuingiza wachimbaji. Nikamwambia, "Baba yako mwenyewe alikuwepo siku napewa. Jiwe la mpaka alilizika kwa mikono yake." Akacheka. "Baba yuko wapi, mama mdogo? Mwite basi aseme." Mtoto niliyemfuta kamasi!

Bahati yake mbaya, baba yake alishasema. Krismasi ulimkalisha mzee mbele ya kompyuta hapa sebuleni akaeleza yote: nani alinipa shamba, mpaka uko wapi, na kwamba nilipomwoa Mokami kwa nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba isife, shamba likawa la nyumba hiyo na watakaozaliwa humo. Yaani wewe. Ukaniambia, "Bibi, nimeihifadhi, iko pale palipoandikwa BABU." Baraza la kata litatusikiliza mwezi wa saba.

Basi juzi mama yako akataka kuifungua tuisikilize. Kompyuta ikaganda. Ukiibonyeza asubuhi inakujibu umeshapika maharage yakaiva. Hata nyimbo anazowaingizia wachimbaji kwenye simu zao hazipiti. Akaja Ashrafu, yule fundi wa mjini, akasema memori imejaa, kuna kitu kinaila, hakijui, na dawa ni kufuta kila kitu na kupiga windows upya. Werema, amesimama mlangoni, akadakia kwamba gharama ni juu yake. Mimi sijawahi kumwona Werema akigharamia hata chumvi. Nikamwambia Ashrafu amalize chai yake aende salama.

Kompyuta yangu haifutwi. Niambie kinachokula memori ni nini na kinatokaje. Na usinipigie simu, simu naisikia kama nyuki wako ndani ya debe. Neno la shamba nalitaka kwenye karatasi.

Bibi yako,
Mogesi

---

Robanda, Serengeti
19 Machi 2011

Shikamoo bibi. Shikamoo mama.

Mimi ni mzima. Kambini watalii ni wachache kwa sababu ya mvua, kwa hiyo ofisini kazi ni kupanga mafaili. Nimesikitika sana kwa babu Magaigwa. Nilitaka kuja kuzika, meneja hakuniruhusu.

Bibi, ngoja nikueleze memori. Kompyuta ina diski na ina memori. Diski ni kama ghala: ukishaweka mtama ndani, umeme ukikatika mtama upo. Memori ni kama uwanja wa kuanikia. Kila kazi inayofanyika lazima imwagwe kwanza uwanjani, na kilicho uwanjani bila kuingia ghalani kikifagiwa kimepotea. Uwanja ukijaa, hakuna pa kukanyaga, ndiyo maana mashine inajikokota. Kwa hiyo kuna mtu amemwaga mzigo uwanjani na hauzoi. Tumtafute.

Mama, fanya hivi. Shika Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Itafunguka orodha. Chagua Processes, halafu chapa juu ya neno Mem Usage mpaka namba kubwa ikae juu kabisa. Niandikie jina la wa kwanza na namba yake, asubuhi na jioni. Kwa wiki moja msiingize memori kadi ya mchimbaji yeyote, zina virusi. Pia angalia mna antivirus ngapi. Inatakiwa moja.

Sauti ya babu isikupe wasiwasi, bibi.

Mjukuu wako,
Verdiana

---

Nyarero
2 Aprili 2011

Verdiana mjukuu wangu,

Barua yako imenifikia imelowa, mwenye basi la Mugumu anasema waliisukuma gari matopeni. Tumeianika juu ya bati. Hapa wazima. Dume la yule mweusi linanyonya vizuri. Mwinjilisti ameoza jino, Jumapili tumepumzika mahubiri.

Nimelielewa neno lako la ghala na uwanja. Kumbe haikuwa kazi ngumu, kwa nini Ashrafu hakusema hivyo?

Antivirus tumezikuta tatu. Moja ya Ashrafu, moja aliweka mchimbaji mmoja kama shukrani ya nyimbo, moja haina mwenyewe. Walinzi watatu kwenye geti moja, kutwa wanakaguana mifuko. Mama yako ametoa wawili. Mashine ikapata nafuu kidogo, kama mgonjwa aliyekunywa uji, ikalala tena.

Nyimbo tumezisimamisha wiki nzima. Wachimbaji wamenuna. Mmoja akaniambia, "Bibi, bila muziki shimoni tutakufa." Nikamwambia utakufa kwa kuchimba bila kuweka magogo, si kwa kukosa muziki.

Wa kwanza kwenye orodha anaitwa vasv. Jumatatu asubuhi alikuwa na 486 elfu, jioni 503. Jumanne asubuhi akaanza na hiyo hiyo 503, jioni 511. Umeme ukikatika na kurudi, anaanzia pale pale alipoachia. Harudi nyuma hata hatua moja. Wengine wote ni vitoto, elfu kumi, elfu ishirini. (Verdiana, mimi naona fundi aje tu aifute tupumzike. Baraza wana akili, watamsikiliza bibi hata bila mashine.)

Mama yako ameandika kitu hapo. Nimeuona mkono wake unakwenda wakati mdomo wangu umefungwa. Nimemuuliza, anasema ni salamu.

Werema alipita jana. Akauliza, "Mama mdogo, fundi amerudi?" Nikamjibu fundi wangu yuko Robanda. Akasema Verdiana mtoto wa kike atajua nini. Nikamwambia hicho unachokidharau ndicho kilichokufunza kuandika meseji. Akaondoka bila kuaga.

Na wewe hukunijibu jambo moja. Sauti ya Magaigwa unayo huko nakala, au iko hapa peke yake?

Bibi yako,
Mogesi

---

Robanda
21 Aprili 2011

Shikamoo bibi, shikamoo mama.

Nimechelewa kujibu, nisameheni. Tembo waliingia kijijini wakala mahindi ya mwenye nyumba wangu yote, hawakuacha hata la kuchoma. Tulipiga mabati mpaka mikono ikafa ganzi. Sasa anauza mbuzi anunue unga.

Huyo vasv simjui. Kitu kinachoanza chenyewe mashine ikiwashwa, kinakua kila siku na hakirudi nyuma, kwa uzoefu wangu ni kirusi, na bila shaka kimetoka kwenye kadi za wachimbaji. Mama, mchague kwenye orodha, bonyeza End Process, ukubali. Halafu ingia kwenye diski C, tafuta folda yenye jina hilo, ifute yote. Washa upya. Mtaona mashine inakimbia.

Fanyeni mapema kabla hakijaharibu zaidi.

Wenu,
Verdiana

---

Nyarero
8 Mei 2011

Verdiana,

Marahaba. Pole kwa mwenye nyumba wako, nimempa mwenye basi kiroba cha mtama, kipokee umpe. Hapa wazima.

Nimekataa.

Mama yako alikuwa ameshakichagua, kidole kiko juu ya kitufe, nikamshika mkono. Wewe mwenyewe uliniambia kilicho uwanjani bila kuingia ghalani kikifagiwa kimepotea. Sasa unaniambia nifagie mzigo ambao hata wewe hujui ni wa nani! Mimi siui kitu nyumbani mwangu kabla sijajua kimeingiaje na kinakula nini. Ng'ombe akivimba tumbo huchomi kisu kwanza, unamfuata siku nzima kuona anakwenda wapi. Mama yako akasema, "Mama, mtoto amesoma." Nikamwambia amesoma ndiyo, lakini yuko Robanda, na mimi niko hapa mbele yake nina macho.

Basi nikakifuata. Jumapili tumeiwasha, mama yako akasoma namba, tukaenda kanisani wote, tukafunga mlango. Tumerudi mchana, namba ile ile. Haikuongezeka hata punje. Jumatatu kikundi cha akina mama walikuja kunipa pole ya kesi, unawajua wanavyopiga kelele. Jioni, elfu ishirini na mbili zaidi. Nikasema hee. Jumanne nikaamua kuketi nacho peke yangu, kimya, mkono mdomoni, mama yako anachungulia namba. Hakuna. Nikakohoa. Ikasogea. Nikaimba ule wimbo wa kupalilia, wote, na aya za matusi. Ikapanda. Nikamtukana Werema kuanzia kichwa hadi kiatu, ikapanda mpaka mama yako akaniambia inatosha.

Kinasikia, Verdiana. Hakili kadi za wachimbaji. Kinakula maneno.

Nikainua kile kitambaa nilichoifumia kompyuta. Nyuma yake nimekuta kidude kama punje ya hindi kwenye uzi mweusi, uzi umeingia ndani ya mashine. Miezi yote hii nilidhani ni pambo lake. Sikukitoa. Nimekifunika tena, nikainama nikakiambia, "Yeyote aliyekuweka hapa, mimi ni Mogesi, shamba ni langu, na chai huletewi."

Sasa nijibu bila kuzungukazunguka. Nani ameniwekea sikio nyumbani mwangu? Werema? Ashrafu? Au ni wewe?

Mama yako tangu siku hiyo anatembea sebuleni kama mtu aliyeficha yai mfukoni.

Bibi yako,
Mogesi

---

Robanda
20 Mei 2011

Shikamoo bibi.

Asante kwa mtama. Mwenye nyumba amelia.

Ni mimi.

Siku ile ya Krismasi niliweka programu ya kurekodi sauti na kuchomeka hicho kidude, ndiyo maikrofoni yake. Babu Magaigwa alikuwa anasema neno, anavuta ugoro, ananyamaza, anaendelea. Nikaiweka irekodi sauti ikisikika tu, kukiwa kimya isimame yenyewe. Alipomaliza, dereva wa basi langu alikuwa anapiga honi barabarani. Badala ya kuhifadhi na kufunga, nilibonyeza ile alama ya kushusha chini. Dirisha likajificha nikaona nimemaliza. Kile kilichoandikwa BABU kwenye kioo ni mlango tu wa kufungulia programu, ndani hakina sauti. Nilikuja kulishuku mwezi wa pili, ulipoandika kwamba mzee amefariki. Nikaona aibu kukuambia. Nilijipa moyo kwamba ipo mahali. Na jina vasv sikulijua maana kwenye tangazo lake programu inaitwa vingine.

Bibi, sauti ya babu ndiyo hiyo inayojaza memori. Haijawahi kuhifadhiwa ghalani kwa jina lake. Kila baada ya muda programu inajiwekea mabaki kwenye lile folda lake, umeme ukikatika hayapotei, na ikiwashwa inayamwaga yote uwanjani tena na kuendelea kurekodi. Ningekuwa mimi nimekaa hapo, mwezi wa nne ningeifuta kwa mkono wangu.

Sasa fanyeni hivi, taratibu. Washeni asubuhi. Chomoa kile kidude. Mama, kwenye BABU bonyeza mara mbili na usubiri hata kama ni saa nzima. Dirisha likitokea, nenda File, Save As, chagua diski C, halafu usiguse chochote mpaka ikuambie imemaliza. Ikishaingia, nakili kwenye hizi flashi mbili nilizofunga humu. Moja nirudishieni.

Ila mjue kitu kimoja. Humo mna kila kilichosemwa sebuleni tangu Krismasi, kila siku mashine ilipokuwa imewashwa.

Nisamehe bibi.
Verdiana

---

Robanda
18 Juni 2011

Shikamoo bibi, shikamoo mama.

Karibu mwezi umepita. Nimemuuliza mwenye basi, anasema flashi alikukabidhi mkononi. Nimepiga simu ya mama, inaita haipokelewi. Kama imefutika niambieni imefutika. Kama mna hasira na mimi, nitukaneni kwenye karatasi, nitasoma.

Verdiana

---

Nyarero
26 Juni 2011

Mjukuu wangu,

Haijafutika. Tulia. Sisi ni wazima wa mwili. Dume nimelipa jina, naliita Kata Rufaa.

Barua yako mama yako alinisomea, akaruka mstari. Ule wa kwamba humo mna kila kilichosemwa, amekiri baadaye. Jicho lake lilishuka haraka kuliko mdomo. Sikuhitaji kusomewa, nilishalijua tangu nilipokiimbia kile kidude. Ninalotaka kukuambia ni hili: kuhifadhi kulianza tukinywa chai, kukaisha ng'ombe wanarudi. Siku nzima mama yako alikaa hapo, waya wa umeme uko karibu na mguu wake. Angeukanyaga tu kwa bahati mbaya, nani angemlaumu? Hakuukanyaga. Hilo liandike, Mokami. Liandike vizuri.

Kesho yake tukasikiliza. Magaigwa akaanza na kikohozi chake, nikamwitikia kama yuko mlangoni. Akasema yote, jiwe, mto, mti ulioanguka. Nikataka kucheza. Nikamwambia mama yako tuendelee kusikiliza, akasema imetosha. Nikasema endelea. Tukasikia mbuzi, redio, tukanisikia nakoroma kwenye kiti. Halafu ikaja siku niliyokwenda kliniki ya goti, na sauti ya Werema humu ndani.

Anamwambia mama yako, "Huyu bibi akifa, wewe huna mume, huna mwana, wewe ni mgeni hapa. Kompyuta ikifutwa ukanyamaza, nitakuachia nyumba." Na mama yako anajibu, "Niachie nyumba tu nisifukuzwe. Sitapinga."

Andika, Mokami. Andika hata hilo. Usipangusie machozi kwenye karatasi, wino utakwenda.

Wiki mbili sikula chakula alichopika. Nilichemsha viazi vyangu mwenyewe nikavila nikimtazama. Ndiyo maana hukupata barua, nilikuwa sina wa kuniandikia ninayetaka kusema naye. Wiki ya tatu nikamuuliza, "Kwa nini hukuja kwangu?" Akasema, "Mama, miaka ishirini na minne niko hapa. Hujawahi kuniambia ukifa mimi nitakuwa nani."

Verdiana, nimetukanwa na wanaume, nimetukanwa na polisi, hakuna aliyenipiga pale. Maana ni kweli. Nilileta binti wa miaka kumi na sita, nikampa jembe, nikampa jina la nyumba yangu, nikadhani ameelewa. Kumwambia sikumwambia. Nilijua moyoni kwamba shamba ni lake, na la moyoni mwangu yeye angelisomea wapi?

Nimemaliza hasira. Iliyobaki ni ya Werema, na hiyo inatosha mpaka mwezi wa saba.

Flashi yako ndiyo hii. Sema la kufanya.

Mogesi

---

Robanda
5 Julai 2011

Shikamoo bibi. Shikamoo mama yangu.

Nimeisikiliza yote, nimejifungia stoo ya kambi. Mama, nilisikia ulivyosema na nikasikia sauti uliyosemea. Sina neno baya kwako.

Siruhusiwi likizo, nyumbu wamefika na wageni wamejaa. Nimekata kipande cha babu Magaigwa peke yake, dakika kumi na nane, nimekichoma kwenye CD. Redio ya kanisa itaicheza. Hakuna atakayesikia mengine. Sasa kwenye dirisha la programu nendeni Options, ondoeni alama kwenye mstari wa mwisho ili isijiwashe tena. Memori itashuka.

Werema akisema imekatwa, sijui mtamjibu nini.

Verdiana

---

Nyarero
24 Julai 2011

Mjukuu wangu Verdiana,

Tuko wazima, wote wawili, na mashine. Yule vasv hayumo tena kwenye orodha. Mkubwa wao sasa ana elfu arobaini. Wachimbaji wamerudi na simu zao, mama yako anawaingizia nyimbo sita kabla hawajamaliza kutafuta pa kukaa.

Baraza lilikaa Jumanne. Mama yako alibeba redio ya kanisa kichwani, mimi nikabeba betri zake. Werema alikuja na shati jipya na kofia, na vijana wanne wenye kofia za machimbo. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama Mogesi, kwa mila zetu mwanamke anawezaje kusimama kama mwenye shamba?" Nikamwambia, "Mwenyekiti, ugali uliokula asubuhi, aliyelima ni nani?" Watu wakacheka, akagonga meza.

Tukaiwasha. Magaigwa akakohoa. Werema akavua kofia, mkono wenyewe ulikwenda. Mzee akasema habari za shamba. Akasema habari za nyumba ntobhu, kwamba ukoo wote ulikula nyama ya harusi ya Mokami na hakuna aliyetapika. Halafu akafika pale ulipopasikia: "Na Werema alikuwepo. Alikuwa mdogo, mto umejaa, nilimbeba mgongoni kumvusha akaone jiwe nikilizika. Akisahau, mumkumbushe."

Ilipokwisha Werema akasimama. Kijiji kizima kilishajua mashine yetu ilinasa maneno yote ya sebuleni, naye akiwemo. Akasema, "Hiyo imekatwa. Mzigo mzima uko wapi? Wacheze yote, msikie huyo Mokami alivyosema!"

Nikafungua mdomo nimpasue. Mama yako akanishika bega, akanikalisha. Mimi! Akasimama katikati ya wale wazee, mwanamke asiyejibu hata salamu mara mbili. Akasema, "Hakuna haja ya kucheza. Nilisema sitapinga. Nilisema kwa sababu aliniambia mimi ni mgeni na nitafukuzwa. Nikaogopa. Leo siogopi. Napinga." Akakaa.

Katibu ni kijana, ana kalamu mbili mfukoni. Akamgeukia Werema taratibu, hana hata ukali. "Ndugu Werema, mimi nina swali moja tu la kuandika. Mzee alikubeba mgongoni, au hakukubeba?"

Werema akatazama redio. Akawatazama vijana wake. Nilijua akikataa, anamwita baba yake mwongo mbele ya watu waliomzika. Akakunja kofia yake kama anakamua nguo.

"Alinibeba."

Katibu akaandika. Ikawa imekwisha. Mpaka utawekwa alama upya na shamba limeandikwa la nyumba ya Mogesi. Waliponiletea wino nitie kidole, nikauliza chini pale pameandikwa jina la nani. Wakasema langu. Nikasema andika na la Mokami, au narudi nyumbani na kidole changu. Mwenyekiti akasema haijawahi kufanyika. Nikamwambia basi leo umepata la kusimulia. Mkono nimeukunja mfukoni mpaka walipoandika.

Werema hajaja tangu hapo. Jana mkewe alileta maziwa, nikayapokea. Shamba sitampa hata nusu hatua, lakini akija kuomba kusikiliza sauti ya baba yake nitamwekea kiti. Kiti kingine, si changu.

Jambo la mwisho, kisha Mokami apumzishe mkono. Alhamisi wamekuja wachimbaji watatu na sururu mpya. Wakaniambia, "Bibi, tumesikia mambo yameisha, tunaomba tuonje kidogo tu pale kando ya mto." Nikawaambia mimi mzee, mwenye shamba ni yule kule anapalilia, mkaongee naye. Wakamwendea wanatabasamu. Sijui amewaambia nini, upepo ulikuwa unakwenda ng'ambo, na nikimuuliza anainama tu anacheka. Nilichoona ni watu watatu wazima wanapanda mlima bila kugeuka nyuma, na sururu moja wameiacha. Inachimbua mihogo vizuri sana.

Bibi yako,
Mogesi